Kuku wa Kinyozi

Kisiwa kile kilikuwa na kuku wengi kuliko watu, na kuku wenyewe hawakuwa wa mtu. Zamani kimbunga kimoja kilivunja mabanda yote, kuku wakatawanyika, na tangu hapo hawakuona sababu ya kurudi. Walizaana wakajaa. Walilala juu ya miti na juu ya mabati, walivuka barabara kwa maringo, waliingia benki bila kupanga foleni, walitaga kwenye vyungu vya maua vya mahakama. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini aliamshwa na jogoo kabla ya muuguzi. Watu waliwaita kuku wa Mungu, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuwa mwenyewe wao, hasa gari la mtu likishakwanguliwa rangi. Kuliwa hawakuliwa. Fundi viatu wa mtaa ule aliwahi kumchemsha mmoja kutwa nzima, na jioni akasema angejua mapema angempeleka kazini akamtia kwenye soli.

Sasa, katika kisiwa chenye kuku wa bure namna hiyo, mtu akianza kufuga kuku wa kubembelezwa lazima achekwe. Bi Dobi na mumewe walichekwa mpaka wachekaji wenyewe wakachoka.

Bi Dobi alilipata jina lake kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikofua mashuka ya wagonjwa miaka nenda rudi. Siku ya kustaafu wakubwa wake walimuaga kwa soda, hotuba, na robota la mashuka ya buluu ya chumba cha upasuaji yaliyokwisha kuchakaa. Hotuba aliisahau kabla hajafika nyumbani. Mashuka aliyachana akapata vitambaa vya kila kazi: vya kusugulia masufuria, vya kufungia mifuko, vya kuzibia mabomba yanayovuja. Nyumba nzima ikawa na buluu kila kona.

Mumewe aliitwa Kinyozi, ingawa hakuwahi kumnyoa mtu na yeye mwenyewe alikuwa na upara. Alifanya kazi kwenye shamba la mayai nje ya mji, na kazi yake ilikuwa kukata midomo. Kuku wakibanwa wengi kwenye kizimba kimoja cha waya hudonoana mpaka watoane damu, kwa hiyo tangu wakiwa vifaranga hukatwa ncha ya mdomo kwa wembe wa moto. Kinyozi ndiye aliyewashika mmoja mmoja, akaupeleka mdomo kwenye wembe, akahesabu pumzi moja, akamweka chini, akachukua mwingine. Wenzake wakamtania kwa jina hilo, naye akacheka nao. Nyumbani hakucheka. Alinawa kwa sabuni ya kufulia ya mkewe, akanusa vidole, akanawa tena.

Shamba lilipofungwa, kuku wenye nguvu waliuzwa. Wakabaki wale ambao hata mchinjaji aliwakataa: vifua vitupu, shingo tupu, kucha zimekua zikapinda kwa kukosa ardhi ya kuzisugua. Kinyozi aliwapakia kwenye mkokoteni, akaufunika kwa gunia wasionekane, akaingia nao kwa mlango wa nyuma.

"Mama," alimwambia mkewe, "hawa niliwakata mimi mwenyewe. Siwezi kuwaacha."

"Watalala wapi?"

"Popote penye paa."

"Na wewe utalala nao?"

"Ukinifukuza."

Bi Dobi aliwatazama wale viumbe, hana hakika kama ni kuku au ni vijiti vyenye macho. Alikuwa mwanamke wa kelele nyingi na moyo laini, na aibu yake kubwa ilikuwa kwamba watu walijua. "Mungu wangu," alisema. "Hata nguo hawana." Akaenda kuleta maji.

Wahenga walisema mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura. Wahenga hawakuwaona wale. Maisha yao yote walikuwa wamesimama juu ya waya, chakula kikipita mbele yao kwenye mfereji wa bati, na walipowekwa kwenye udongo walisimama palepale walipowekwa, mguu mmoja juu, wakingoja kuambiwa. Mvua ya kwanza iliwanyeshea wakiwa katikati ya uwanja na hakuna hata mmoja aliyejua kukimbia. Basi Bi Dobi, mtu mzima na heshima zake, alipiga magoti nyuma ya nyumba akachakura. Alichimbua udongo kwa vidole, akatoa mdudu, akamweka mbele yao, akarudi kuchakura. Fundi viatu alikuwa akitazama juu ya ua kwa furaha isiyo na kifani.

"Bi Dobi, ukitaga tuitane!"

"Nitakutagia wewe kichwani!"

Alipiga magoti vile siku nyingi. Halafu asubuhi moja kuku mmoja, yule waliyemwita Mstaafu, alinyoosha mguu wake uliopinda, akakwangua udongo mara moja, akaruka nyuma kwa hofu ya alichokifanya. Kinyozi alikaa chini kwenye ngazi akalia waziwazi. Mkewe alimwambia aache upuuzi, huku yeye mwenyewe akifuta macho kwa mikono yenye matope.

Walipona taratibu. Manyoya yaliota. Wakapewa majina kwa tabia zao: Karani, aliyetembea kainama kana kwamba anatafuta faili lililopotea, Shangazi, aliyeingilia kila ugomvi, na Mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kukalia mguu wa Kinyozi mpaka mguu upate ganzi. Kuku wa Mungu nao wakaja kuchungulia, warembo, wenye rangi za kung'aa na midomo mikali. Jogoo wao mmoja alifika kila panapomwagwa chakula, akapiga kelele nyingi, akala, akaondoka. Huyo walimwita Diwani.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Bi Dobi aliwafunga wa kwake kitambaa cha buluu kila mmoja, ili mtaa ujue yupi ni wa mtu na yupi ni wa Mungu. Banda Kinyozi alilijenga mwenyewe, na mlango wake haukuwa na komeo. Hilo alilikataa katakata. Usiku uliegemezwa tofali kwa sababu ya paka, na alfajiri yeye mwenyewe aliliondoa. "Wamefungiwa vya kutosha," alisema kila alipoulizwa, na hakuongeza neno. Jioni aliligonga kopo la maziwa kwa kijiko, nao wakaja mbio kutoka kila upande, vitambaa vikipepea miguuni, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza. Hapo ndipo Kinyozi alipokuwa na furaha kuliko watu wote wa kisiwa kile.

Kisha akili yake ikaanza kumtoroka.

Ilianza kwa mambo ya kuchekesha, nao wakacheka. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita fundi viatu kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Lakini kicheko kilikatika siku alipoingia chumbani mwao, akasimama mlangoni, akauliza kwa upole kama hapo ndipo anapolala. Daktari alimtazama, akamuuliza maswali, akamwita Bi Dobi pembeni. Alimwambia kwamba ugonjwa huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma. "Ila kile ambacho mikono yake inakijua bila kuulizwa, mama, msimnyang'anye. Siku akikipoteza hicho, mtampoteza haraka."

Kitu hicho kilikuwa kuku. Kinyozi alisahau mwaka, akasahau mtaa, lakini alfajiri aliondoa tofali na jioni aligonga kopo, na aliwajua kuku wake mmoja mmoja kwa namna alivyowakata midomo. "Huyu nilimzidishia kidogo, mkono uliteleza," alisema akimpapasa Karani. Binti yao, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya maji na mumewe, alipiga simu kila wiki kumsihi mama yake: amlete baba, huko kuna kituo kizuri, kuna wauguzi.

"Kule kuna kuku?" Bi Dobi aliuliza.

"Mama, jamani."

"Basi atabaki hapa. Kuku wakiwepo, baba yako yupo."

Kwa mambo mengine alitumia akili yake ya dobi. Kwenye chumba cha kufulia kila wodi ilikuwa na alama ya rangi yake, hakuna shuka lililopotea njia. Akachukua vitambaa vilevile vya buluu vya miguu ya kuku, akafunga kwenye kikombe cha mumewe, kwenye kitasa cha choo, kwenye ndara, kwenye upande wake wa kitanda. Akamshika mkono, akamzungusha nyumba nzima, akimwonyesha.

"Penye kitambaa cha buluu, ni pako. Usiogope. Shika, fungua, ingia. Umesikia, baba?"

"Penye buluu, ni pangu."

"Hapo hapo."

Siku hiyohiyo, kwa utani, alijifunga kimoja kwenye kifundo cha mkono. Kinyozi alikitazama, akamtazama na yeye, akacheka kicheko chake cha zamani. "Ala! Na hiki nacho changu?" Bi Dobi aliona haya kama msichana. Mpango ule ulifanya kazi vizuri ajabu. Mzee akipotea koridoni alitafuta buluu kwa macho, akaiona, mabega yakashuka, akashika kitasa. Bi Dobi alijisifu kwa fundi viatu kwamba daktari mwenyewe hakuwaza jambo kama lile, na alikuwa na haki ya kujisifu.

Mwaka uliofuata kuku wa Mungu walivuka mipaka. Waliingia chumba cha wazazi hospitalini, jogoo akaparamia kitanda cha mtoto mchanga. Mji ukapandwa na hasira. Gari lenye kipaza sauti likapita mtaani likitangaza kwamba yatamwagwa mahindi yenye sumu kwenye mitaro na viwanja. Wenye kuku wao wawafungie kutwa nzima, mpaka magari ya maji yapite kuosha. Watoto wasiokote, mbwa wafungwe, nyama isiliwe.

Bi Dobi alisikia kila neno. Jioni ile aliwahesabu kuku wake mara mbili. Kulipopambazuka, kabla mumewe hajaamka, alikwenda bandani. Tofali lilikuwa mahali pake, lakini hakuliamini. Shangazi akiamua kusukuma mlango, tofali halimzuii. Komeo halikuwepo. Kamba hakuiona. Akatia mkono mfukoni mwa aproni yake ya kazi, mahali ambapo daima palikuwa na kitu cha kufungia, akatoa alichokikuta, akakipitisha kwenye waya, akafunga fundo la dobi, mara mbili, akakaza. Akautikisa mlango. Haukutetereka.

Kilikuwa kitambaa cha buluu.

Asubuhi nzima hakubanduka. Alimwekea mzee kiti ukumbini, akamwambia leo kuku wanapumzika, wana mafua. Kutoka bandani walisikika wakilalamika, kwa maana jua lilikuwa kali na hawakuwahi kufungiwa tangu walipotoka kwenye waya. Kinyozi aliinua kichwa kila mara. "Wanalia," alisema. "Wataacha," mkewe alijibu. Mchana alisinzia kitini, mdomo wazi, na Bi Dobi akamfunika miguu.

Hapo simu ikaita. Alikuwa binti yao. Simu ile haikushika vizuri ila kwenye dirisha la mbele, basi Bi Dobi akaenda kusimama huko, mgongo kwa nyumba. Binti alikuwa amepata nafasi kwenye kile kituo, alitaka jibu. Maneno yakawa marefu, kama yanavyokuwa kati ya mama na binti wanaopendana na kila mmoja ana haki. Binti alilia. Mama alipandisha sauti.

"Mwanangu, nisikilize. Baba yako hajaenda popote. Kila siku saa hii ananiuliza habari za kuku. Mtu anayejua kuku wake yupo!"

Alipokuwa akiyasema hayo, Kinyozi alikuwa ameshaamka. Kilio cha kuku kilimtoa kitini, kikampitisha jikoni, kikamfikisha bandani. Aliuona mlango. Aliiona buluu. Mabega yake yalishuka.

Bi Dobi alimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, ametulia, jua usoni. Mlango wa banda ulikuwa wazi.

"Nimewafungulia," alisema. "Walikuwa wanalia."

Hakuna kiumbe bandani. Bi Dobi alikimbia bila viatu mpaka barabarani. Kuku wa Mungu walikuwa wamelala kila mahali, mabawa yamefunguka. Na kule mtaroni, kando ya ukuta wa fundi viatu, aliwaona wa kwake, wameinama wote pamoja, vitambaa miguuni, wanachakura. Walichakura vizuri. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kurudi nyuma hatua moja, kudonoa. Alikuwa amewafundisha yeye, kwa magoti yake, na laiti asingewafundisha wangesimama tu pale wakingoja kuambiwa.

Alirudi mbio akachukua kopo, akaligonga kwa nguvu zake zote, nao wakaja. Utii wao ndio uliomkata maini. Walikuja mbio kama kila jioni, wamejaza matumbo, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza, wakaingia uwanjani kwao kuja kufa. Karani alikwenda wa kwanza, kimya kimya, kwenye kona. Shangazi alizunguka sana. Bi Dobi aliwanywesha maji kwa kijiko, akawatia mafuta, akawatikisa, akafanya kila alichowahi kusikia na mengine aliyoyabuni papo hapo. Mstaafu alijikokota mpaka kwenye mguu wa Kinyozi, akaukalia, na Kinyozi hakuusogeza mguu ule hata Mstaafu alipokuwa amekwisha kupoa.

Ndipo Bi Dobi akapiga kelele. Katika maisha yao yote ya ndoa alikuwa na kelele za kila namna, lakini hizi hazikuwahi kusikika.

"Nani alikutuma? Nilikwambia wanapumzika! Nani alikwambia ufungue?"

Kinyozi alimwogopa. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kitambaa alichokikunja vizuri mara nne, kwa maana alikuwa mtu nadhifu daima, akamnyooshea.

"Si ulisema penye buluu ni pangu?"

Bi Dobi alikipokea. Aliziona alama za fundo lake mwenyewe, mikunjo yake bado ipo.

Fundi viatu alikuja na sepetu bila kuitwa. Siku ile hakutania. Vijana wa gari la taka walipotaka kuwachukua kuku pamoja na wale wa mtaani, aliwasimamisha getini akawaambia wenyewe wapo. Walizikwa chini ya ngazi ya banda, na Bi Dobi akawafungua miguu mmoja mmoja kwanza, akavikusanya vitambaa vyote.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hilo Bi Dobi alilijua tangu ujana wake wa kubeba ndoo. Asilolijua ni kwamba yatamwagika upya kila siku. Jioni ya pili Kinyozi alichukua kopo, akakaa kwenye ngazi, akagonga. Akangoja. Akagonga tena.

"Mama, wako wapi?"

"Wamekufa, baba. Walikula sumu."

"Walitokaje nje? Nani aliwafungulia?"

Alimwambia ukweli, kwa sababu hakuwahi kumdanganya. "Ni wewe, baba. Hukujua." Kinyozi alijishika kichwa kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Alijinawa vidole kwa sabuni ya kufulia, akanusa, akajinawa, mpaka mkewe akamwondoa bombani kwa nguvu. Kulipopambazuka alikuwa amesahau. Jioni akachukua kopo.

"Nani aliwafungulia?"

Akamwambia tena, na tena ikawa habari mpya kwake. Siku iliyofuata fundi viatu, aliyesikia kilio kile juu ya ua, alimngojea Bi Dobi bombani.

"Dada yangu, nisamehe kuingilia. Hata mwizi hunyongwa mara moja."

Jioni ile kopo lilipogongwa, na swali lilipokuja, Bi Dobi alikuwa na jibu.

"Nani aliwafungulia?"

"Mimi."

Alidhani anadanganya. Neno lilipotoka ndipo aliposikia kwamba ni kweli.

Kinyozi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Nilikuamini," akaingia ndani, akalala akiuelekea ukuta. Mwanamume ambaye hakuwahi kumwambia mkewe neno chungu, hata zile siku za dhiki, sasa alimwambia hilo moja kila jioni, na kila jioni lilikuwa jipya kwake na kongwe kwa mkewe. Bi Dobi alilipokea. Alijiambia ni zamu yake kulibeba, yeye ana kumbukumbu nzuri.

Akajaribu ujanja. Kuku wachache wa Mungu walikuwa wamenusurika huko vichakani. Akawanasa wawili kwa chandarua na pumba, akawafunga vitambaa vya buluu, akawaachia uwanjani kabla ya jioni. Kinyozi aligonga kopo. Walikuja, kwa uchu wao. Akamwinua mmoja, akampapasa mdomo kwa kidole gumba, taratibu, kama kipofu anayesoma.

"Huyu ana mdomo mzima," alisema. "Hawa si wangu." Akamweka chini kwa heshima. Hata Diwani, aliyepona kwa miujiza ya madiwani, alipita siku moja akala vilivyomwagwa, akaondoka zake.

Bi Dobi alivichukia vitambaa vile. Siku moja alizunguka nyumba akavifungua vyote, kikombeni, chooni, kitandani, hata kile cha mkononi mwake, akavitia motoni. Kufika jioni mzee alikuwa amejikojolea koridoni akitafuta mlango. Akarudi kwenye robota, akachana vipya, akafunga kila mahali kama mwanzo. Mkononi mwake hakufunga tena. Hakujiona ana haki.

Daktari alikuwa amesema kweli. Baada ya kuku, Kinyozi aliondoka haraka. Akasahau vifungo vya shati, akasahau kijiko kinashikwaje mezani, ingawa cha kopo alikishika sawasawa. Bi Dobi alipompigia binti yao, hakuzunguka.

"Njoo umchukue baba yako. Nami nichukue."

Binti akauliza, "Mama, vipi kuhusu kuku?" Hakuwa ameambiwa. Bi Dobi alisema simu inakatika.

Jioni ya mwisho kabla binti hajafika, masanduku yamefungwa, Kinyozi alitoka nyuma na kopo lake. Bi Dobi akaenda kukaa naye kwenye ngazi. Aligonga. Uwanja ulikuwa mtupu, majani yameanza kuota pale palipochakurwa.

"Wako wapi?"

"Wamekufa, mzee wangu."

"Nani aliwafungulia?"

"Mimi."

Alijiandaa kwa lile neno. Halikuja. Kinyozi alimgeukia, akamtazama kwa adabu, namna mtu anavyomtazama asiyemjua aliyemkuta analia. Akamgusa bega kwa ncha za vidole.

"Usilie, dada. Hukukusudia. Naona huna ubaya."

Msamaha ambao Bi Dobi aliungoja kila jioni ulikuwa umefika, na haukuwa wake. Aliyepewa ni mwanamke mwingine, mgeni, aliyekaa kwenye ngazi ya watu.

"Lakini nakuomba kitu kimoja," Kinyozi alisema, akishusha sauti. "Usimwambie mke wangu. Yeye ndiye aliyewafundisha kuchakura. Alipiga magoti hapahapa, watu wakamcheka. Akisikia, atakufa. Niachie mimi, nitatafuta namna ya kumwambia, polepole."

Bi Dobi alikuwa na mikono miwili mitupu magotini, isiyo na alama yoyote. Aliufunika mmoja kwa mwingine.

"Sitamwambia," alisema.

"Ahsante sana, dada. Akirudi kutoka kazini, mwambie nipo huku nyuma, nawangojea kuku."

"Nitamwambia, mzee."

Kinyozi akaligonga kopo tena.